Mwisho wa kunukuu ni wapi? Alama za mtajo kwenye insha na ripoti za wanafunzi

Ukisikiliza Bunge hapa Dodoma hata nusu saa tu, lazima utamsikia mbunge mmoja anashika karatasi yake anasema "Mheshimiwa Spika, naomba kunukuu", anasoma kifungu cha sheria au kipande cha ripoti, na akimaliza haendelei tu kimyakimya, anasema "mwisho wa kunukuu" ndo anarudi kwenye ya kwake. Ukumbi mzima unajua kwamba kuanzia pale mpaka pale yale hayakuwa maneno yake, ukitaka kuyapinga pinga ripoti, na yanayofuata baada ya hapo ni ya kwake, hayo mshike yeye.

Alama za mtajo, zile wengine mnaziita fungua semi na funga semi na wengine kotesheni, kazi yake ni hiyohiyo ila kwenye karatasi. Ya kwanza ni "naomba kunukuu", ya pili ni "mwisho wa kunukuu". Basi. Mengine yote tutakayoongea hapa, sijui nukta ikae ndani au nje, sijui mabano, sijui vidoti, yote yanatumikia swali moja tu la msomaji: hapa anaongea nani?

Mimi nafundisha Kiswahili sekondari, na jioni huwa nakaa kwenye steshenari moja huku Ng'ong'ona ambako vijana wa chuo wanakuja kuprinti asaimenti na ripoti za utafiti, na wakiwa na muda nawapitishia macho kabla hawajalipa. Mwezi uliopita alikuja binti mmoja na ripoti yake imerudishwa na lekchara, pembeni ya aya moja ameandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili: "Nani anasema?" Binti amechanganyikiwa, ananiambia mwalimu, si nimeandika kabisa kwamba ni mzee wa Bahi? Nikaisoma hiyo aya. Ilikuwa hivi:

Mzee mmoja wa Bahi alisema kwamba, "mimi nimelima uwele na mtama miaka yote lakini siku hizi vijana wanataka mahindi tu na mahindi hayavumilii ukame, hii inaonesha kwamba elimu ya kilimo haijawafikia wananchi na maafisa ugani waongezwe.

Umeona? Amefungua hajafunga. Kwahiyo kwa mujibu wa karatasi, mzee wa watu ndo kasema elimu ya kilimo haijawafikia wananchi, yaani mzee kageuka mtafiti, na mtafiti mwenyewe hana neno hata moja la kwake kwenye aya nzima. Nitarudi kwa huyu binti, maana aya yake ina makosa karibu yote ninayokutana nayo, ila kwanza tuelewane kwanini kwenye Kiswahili hili jambo ni zito kuliko watu wanavyolichukulia.

Chukua sentensi hii: Juma alimwambia Asha kwamba amekosea. Nani kakosea? Inawezekana ni Juma anakiri kosa lake, inawezekana anamlaumu Asha, na inawezekana wanamsema mtu wa tatu ambaye hata hayupo. Kiambishi a- chetu hakichagui, hakisemi mwanamke au mwanaume, hakisemi yule aliyetajwa kwanza au wa pili. Lakini ukiandika Juma alimwambia Asha, "Nimekosea," imeisha hiyo, na ukiandika Juma alimwambia Asha, "Umekosea," nayo imeisha, ni ugomvi mwingine kabisa. Ndo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba alama za mtajo kwenye Kiswahili sio urembo tuliorithi kwa Waingereza, zinatunza ni na u za msemaji ambazo usemi wa taarifa, yaani ule wa kuyaeleza maneno ya mtu bila kumnukuu, unazigeuza zote kuwa a.

Sasa hapo ndo tunafika kwenye kwamba. Hili neno dogo linawamaliza watu. Kwamba (na kuwa likitumika kwa kazi hiyohiyo) ni mlango wa usemi wa taarifa, ukishalitamka umemwahidi msomaji kwamba unayaeleza maneno ya mtu kwa mdomo wako wewe. Sasa binti wa watu kaandika "alisema kwamba," akaweka koma, akafungua semi, halafu mzee anaanza "mimi nimelima". Milango miwili kwa wakati mmoja. Chagua mmoja. Ama uandike Mzee alisema, "Mimi nimelima uwele miaka yote," ama uandike Mzee alisema kwamba amelima uwele miaka yote, bila koma, bila alama, na mimi inageuka yeye. Kuna njia ya tatu na ndo nzuri kuliko zote kwenye insha za chuo, unatumia kwamba halafu unachukua kipande kidogo tu cha maneno yake, kile chenye utamu, unakiingiza ndani ya sentensi yako kwa sharti kwamba sarufi iungane vizuri kama vile sentensi ni moja. Mfano: Mzee alisema kwamba amelima uwele "miaka yote". Hapo hakuna koma kabla ya fungua semi wala herufi kubwa, maana kipande sio sentensi kamili.

Herufi kubwa inafuata akili hiyohiyo. Ukinukuu sentensi nzima anza na herufi kubwa, ukinukuu kipande anza na ndogo. Na ukiikata sentensi katikati ili umtaje msemaji, ukirudi unaendelea na ndogo: "Zabibu mwaka huu zipo," alisema mama mmoja soko la Majengo, "lakini bei imeshuka." Ile lakini ni mwendelezo, haianzi na L kubwa. Kabla ya nukuu fupi inayotanguliwa na alisema, aliuliza, alijibu weka koma, na kama unaleta kitu kirefu au rasmi kama kifungu cha sheria weka nukta pacha.

Nukta ya mwisho ikae ndani au nje, hili naulizwa kila wiki na watu wanabishana kweli. Ugomvi wenyewe unatoka nje. Wamarekani wana desturi ya kuingiza nukta na koma ndani ya alama karibu kila mara hata kama hazikuwa za msemaji, Waingereza wanaangalia alama ni ya nani, kama ni ya maneno yaliyonukuliwa inaingia, kama ni ya sentensi ya mwandishi inabaki nje. Vijana wetu wanasoma vitabu vya Kiingereza vya pande zote mbili na komputa zao zina mipangilio ya Kimarekani, kwahiyo ukurasa mmoja unakuta nukta ziko ndani, unaofuata ziko nje. Mimi ushauri wangu ni kushika ule utaratibu wa kuangalia alama ni ya nani, kwasababu unalingana na kazi yenyewe ya kuonesha nani kasema nini. Angalia kwenye maswali, ndo inaonekana vizuri. Mzee aliuliza, "Tuhame twende wapi?" Hapo alama ya kuuliza ni ya mzee, imeingia ndani, na huongezi nukta nyingine nje. Ila hii: Je, ni kweli mzee alisema "hatuhami"? Hapo anayeuliza ni wewe, mzee yeye katamka tu, ukiingiza alama ya kuuliza ndani umembadilishia msimamo, mtu aliyekataa umemfanya anauliza. Na ukiwa na chanzo kwenye mabano mwishoni, funga semi kwanza, halafu mabano yenye jina, mwaka na ukurasa, halafu ndo nukta.

Kuna kitu ambacho miongozo ya Kiingereza haiwezi kukuambia kwasababu lugha yao haina, na mimi ningependa kila anayefanya mahojiano vijijini akijue. Vitenzi vyetu vinabeba mtenda ndani yake. Mtu anakuhadithia habari ya viwanja vya Nkuhungu kwa dakika tano halafu anasema "Walikuja wakapima, wakaweka bikoni, wakaondoka." Wewe uliyekaa naye unajua wa- ni kina nani, alishawataja mwanzoni kabisa. Msomaji wa ripoti hajui, umemkatia kipande, wa- imebaki yatima. Inaweza kuwa wapimaji, inaweza kuwa majirani, inaweza kuwa matapeli. Na kwenye ngeli nyingine ni mbaya zaidi, "kilianguka usiku" ni nini kilianguka, kisima, kibanda, kiti? Dawa yake ni mabano mraba, ambayo kazi yake ni kumwambia msomaji kwamba neno hili nimeliweka mimi: "[Wapimaji] walikuja wakapima, wakaweka bikoni, wakaondoka." Yawe mraba kweli sio ya kawaida, maana ya mviringo msomaji atadhani ni ya msemaji mwenyewe. Na yasitumike kumrekebisha mtu Kiswahili chake. Kama mtoa taarifa kasema "mimi nilikuwa naendaga shamba", hiyo -ga iache, ndivyo watu wanavyoongea na ni data. Ukiona msomaji atadhani umekosea wewe kuchapa, weka [kama ilivyo] mara tu baada yake.

Na mahojiano ya Dodoma mengi ni ya Kigogo, hasa kwa wazee. Hapo sema wazi. Ukinukuu neno lenyewe liweke kama lilivyo halafu utoe maana, mfano jina la mji wetu linavyosimuliwa kwamba lilitoka kwenye neno "Idodomya", yaani "imezama", kwa habari ya tembo aliyezama kwenye tope. Ukinukuu maneno marefu uliyoyatafsiri mwenyewe andika mara tu baada yake (tafsiri yangu), kwasababu ndani ya zile alama sasa kuna sauti mbili, ya mzee na ya kwako, na msomaji ana haki ya kujua.

Sasa kukata. Vidoti vitatu vinaruhusiwa, vinasema hapa nimeruka maneno. Lakini ruhusa ya kuruka sio ruhusa ya kuharibu. Chukua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13(1): "Watu wote ni sawa mbele ya sheria, na wanayo haki, bila ya ubaguzi wowote, kulindwa na kupata haki sawa mbele ya sheria." Nimewahi kuisahihisha insha ya haki za binadamu ambayo mwanafunzi kaiandika hivi: "Watu wote ni sawa mbele ya sheria, na wanayo haki ... kulindwa na kupata haki sawa mbele ya sheria." Kiufundi hajakosea, kaweka vidoti vyake vitatu na sentensi inasomeka. Lakini tazama kakata nini! Bila ya ubaguzi wowote. Yale maneno manne ndo moyo wa ibara, na insha yenyewe ilikuwa inahusu ubaguzi. Nilimwuliza kwanini, akasema nafasi ilikuwa ndogo. Basi kama nafasi ni ndogo chukua kipande kinachobeba uzito: ibara inatamka kwamba haki hiyo ni ya wote "bila ya ubaguzi wowote". Imekuwa fupi kuliko ya kwake na moyo umebaki.

Mfano huo unaonesha pia lini unukuu na lini usinukuu. Sheria unainukuu kwasababu neno likibadilika sheria imebadilika. Mzee wa Bahi unamnukuu kwasababu namna anavyosema yenyewe ni ushahidi. Lakini kwamba TANU iliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma, au kwamba mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza serikali inahamia huku, hizo ni habari, ziandike kwa maneno yako, taja chanzo, usijaze ukurasa na alama. Unakuta insha ya kurasa sita nukuu kumi na nane na kati ya nukuu na nukuu kuna "pia mwandishi anasema" na "vilevile mwandishi anasema". Halafu hilo anasema lipumzisheni jamani, kuna anadai, anakiri, anasisitiza, anapinga, anatahadharisha, kila moja linaonesha wewe umemwelewaje. Ila anahoji tumieni kwa uangalifu, maana wengine wanaliandika wakimaanisha anatoa hoja na msomaji anaelewa anauliza.

Kwenye ushairi mambo yanabadilika kidogo. Mishororo miwili ukiinukuu ndani ya aya yako itenganishe kwa mkwaju, ule mstari ulioinama. Natunga mfano mwenyewe hapa: "Dodoma jua ni kali, upepo watia vumbi / Mkulima hana hali, ukame si yake dhambi". Ikizidi miwili mitatu iteremshe chini, ijongeze ndani, kila mshororo mstari wake, na usiweke alama za mtajo kabisa. Na usimsahihishe mshairi! Kuna mwanafunzi ataona "si yake dhambi" atasema sarufi imekosewa, ataandika "si dhambi yake". Mizani bado ni nane, hesabu mwenyewe, lakini kina cha mwisho kimekufa, -mbi ya vumbi haina mwenzake tena, na ukija kuandika aya ya chini kwamba mshairi ametumia vina vya mbi msahihishaji anakushangaa. Kule kupindua mpangilio wa maneno kunaitwa kuboronga sarufi na ni uhuru wa mshairi, wewe nukuu kilichopo.

Nukuu ndefu ya nathari nayo inateremshwa hivyohivyo, imejongezwa pande za ndani, bila alama za mtajo kwasababu ule ujongezaji wenyewe ndo alama. Ndefu ni ipi? Kuna mitindo miwili ya kutaja vyanzo inayotumika sana vyuoni, APA na MLA: APA inasema maneno 40 na kuendelea, MLA inahesabu mistari, ikizidi minne. Uliza idara yako inatumia upi halafu usiuache njiani. Majina ya vitabu yanaandikwa kwa mlalo, yaani herufi zilizoinama, na kwenye chumba cha mtihani unayapigia mstari chini, alama za mtajo waachie shairi moja, hadithi fupi na makala.

Kitu kingine kinachoniuma ni alama za mapambo. Vibanda vyetu vimezoesha macho, "KARIBU" iko ndani ya alama, "CHIPSI MAYAI" iko ndani ya alama, kwahiyo mwanafunzi naye akitaka kukazia neno analifungia. Anaandika serikali imeleta "maendeleo" kijijini akimaanisha maendeleo makubwa, na msomaji anaelewa kinyume chake, kwamba mwandishi hayaamini hayo maendeleo. Maana alama hizo zikizunguka neno ambalo hakuna mtu umemnukuu zinasoma kama eti. Serikali imeleta eti maendeleo. Ukitaka kukazia tumia maneno, sema makubwa, sema yanayoonekana, taja barabara au zahanati yenyewe.

Na kabla hujafunga semi uwe na uhakika hayo maneno yalisemwa. Zile picha za Mwalimu Nyerere zinazozunguka kwenye magrupu zikiwa na maneno mazito pembeni, bila mwaka, bila hotuba, bila mahali, zile sio chanzo, na programu za akili bandia nazo zinaweza kukutungia nukuu nzuri kabisa yenye ukurasa wa kitabu ambacho hakipo. Kama unataka maneno ya mbunge, Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge, Hansard, zipo zimechapwa, taja kikao na tarehe.

Kuhusu uchapaji kuna jambo moja la kwetu kabisa. Watu wa mtindo wa Kiingereza cha Uingereza wengi wanatumia alama mojamoja kwa nje na mbilimbili kwa ndani. Kwa Kiswahili nashauri kinyume chake, mbilimbili nje, mojamoja ndani, na sababu yake ni hapahapa ninapokaa: Ng'ong'ona. Ina ritifaa mbili, vile vialama vya juu vinavyofuata ng. Chang'ombe ina moja, ng'ombe ina moja. Sasa mtu akiandika 'Naishi Ng'ong'ona' kwa alama mojamoja umbo hilohilo limetokea mara nne kwenye maneno mawili na jicho halijui ipi imefunga nini. Na komputa ndo usiseme, unaichapa ritifaa yenyewe inaipinda kuwa alama ya kufungua au kufunga. Ritifaa ni sehemu ya herufi, haifungui wala haifungi usemi wa mtu.

Yule binti tulimaliza naye hivi. Nilimwambia afunge semi pale mzee alipomalizia, akaniuliza alimalizia wapi, maana ameshasahau, ni miezi mitatu. Nikamwambia si una rekodi? Akatoa simu, tukaweka spika, steshenari nzima ikanyamaza hata kijana wa kuprinti akasimamisha mashine. Sauti ya mzee ikaja taratibu, jogoo analia nyuma, anasema amelima uwele na mtama miaka yote, siku hizi vijana wanataka mahindi tu, halafu akasema maneno ambayo kwenye ripoti hayakuwepo. Hakusema mahindi hayavumilii ukame. Hayo ni maneno ya kitabu cha kilimo, binti aliyaweka mwenyewe wakati wa kuandika akidhani anamsaidia mzee. Binti akarudisha nyuma akasikiliza mara ya pili, halafu akavuta laptopu akaandika:

Mzee mmoja wa Bahi alisema, "Mimi nimelima uwele na mtama miaka yote. Siku hizi vijana wanataka mahindi tu, na mahindi yanaogopa jua." Kwa maoni yangu, kauli hii inaonesha kwamba mzee anayajua mazao yanayostahimili ukame, na kwamba maafisa ugani wana cha kujifunza kwake.